Re: Bega linauma nikinyanyua mkono pembeni, shida ni deltoidi?

Mkuu unauliza kwa nini bega linauma ukinyanyua mkono pembeni wakati gym unapiga deltoidi karibu kila siku. Mi kazi yangu ni fiziotherapia, mabega ndo nashinda nayo, mafundi rangi, mafundi jipsam, wanyanyua vyuma kama wewe, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona kazini.

Hiyo deltoidi ni nyama ya juu tu, ule msuli unaofunika bega. Ya mbele inapeleka mkono mbele, ya kati inanyanyua pembeni, ya nyuma inarudisha nyuma. Ina nguvu sikatai, ila mkono ukiwa umening'inia, deltoidi ikivuta peke yake inavuta kwenda JUU, yaani kichwa cha mfupa wa mkono kinapanda kugonga ile ncha ya mfupa unayoigusa juu ya bega. Na kishimo cha bega hakina kina kama cha nyonga, ni kama mpira umewekwa juu ya kisosi, ndo maana bega linazunguka kuliko kiungo kingine chochote na ndo maana linachomoka kirahisi.

Wanaokishika hicho kichwa kisipande ni misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la mkono, ule mfupa bapa wa mgongoni. Supraspinatasi iko juu, inasaidia kunyanyua. Infraspinatasi na teresi ndogo ziko nyuma, zinazungusha mkono kwenda nje, subskapularisi iko upande unaotazama mbavu, inazungusha kwenda ndani. Lakini kazi yao kubwa kwa pamoja ni kukibana kichwa kikae katikati ya kishimo wakati deltoidi inavuta. Utasoma sehemu nyingi kwamba supraspinatasi inaanzisha nyuzi 15 za kwanza za kunyanyua mkono afu deltoidi inapokea, usikariri hiyo, vipimo vya umeme wa misuli vinaonyesha zinaanza pamoja.

Afu kuna kombe lenyewe, hili watu wanalisahau kabisa. Vua shati, mtu aweke kidole gumba kwenye kona ya chini ya kombe lako, we nyanyua mkono taratibu. Mwanzoni kona haihami sana, ukipita kama nyuzi 30 hivi inaanza kuteleza kuelekea kwapani. Mkono ukipanda mpaka sikioni, nyuzi 180, kama 120 ni za kiungo chenyewe na 60 ni za kombe kuzunguka, na anayelizungusha ni trapeziasi, msuli mpana wa shingoni na mgongoni juu, akishirikiana na serratasi ya mbele, ile ya mbavuni chini ya kwapa. Jamaa wa benchi press unakuta kifua kimejaa, mabega yameinamia mbele, serratasi imelala tu.

Umesema maumivu yanakuja mkono ukikaribia usawa wa bega, ukipita juu yanapoa. Kwa maelezo hayo nashuku kano ya supraspinatasi, ile kamba inayoushika msuli kwenye mfupa, sio deltoidi, hata kama unayasikia pembeni kwenye nyama. Maumivu ya kano za bega ndo yanasikika pale pembeni, watu wanachua hapo wee na hawaponi.

Kwa sasa acha kuvuta chuma mpaka kidevuni, na lile zoezi la dambeli pembeni dole gumba likitazama chini mi silipendi kabisa, linaipunguzia nafasi kano. Geuza dole gumba juu na mkono ulete mbele kidogo. Tafuta tyubu ya baiskeli kwa fundi, ikate, funga kwenye nondo ya dirisha, kunja kiwiko kikiwa kimebana taulo ubavuni, vuta kwenda nje taratibu na kurudi taratibu zaidi, 15 mara 3. Taulo likidondoka au bega likipanda kufuata sikio ujue umeivuta sana, sogea karibu na dirisha. Malizia na pushapu za ukutani, mikono ikishanyooka sukuma tena kidogo mpaka makombe yaachane mgongoni, hapo ndo serratasi inafanya kazi.

Ila kama ulianguka na tangu hapo mkono haupandi, achana na tyubu nenda hospitali ukapigwe eksirei na ultrasaundi. Na kama una kisukari na mkono haugeuki nje hata mtu akikusaidia kuugeuza, hilo litakuwa bega lililoganda, matibabu yake ni tofauti na haya, niambie tuanze upya.