Kwa nini profesa ashughulikie madai ya askari wastaafu?

Ndugu uliyeuliza kwa nini profesa wa sheria Marekani ajitolee miaka yote hiyo kwa madai ya askari wastaafu: tangu 1864 hadi 1988 sheria ya kule ilimruhusu wakili kulipwa dola 10 tu kwa dai moja. Nani angeishika kesi? Na mpaka mwaka huo wa 1988, askari aliyenyimwa fidia ya ulemavu kwa kawaida hakuwa na mahakama ya kumsikiliza. Walimu na wanafunzi wao wanaowatetea bure wanaokoa watu, kweli.

Baba yako aliyestaafu jeshi la majini hapo Mtongwe, Mombasa, naye asinyamaze. Wakimkatalia dai lake la fidia, aombe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba yetu ya Kenya kinampa haki hiyo. Na vyeti vya hospitali, hasa vya wakati akiwa kazini, asitoe hata kimoja bila kubaki na nakala.