Picha za sisimizi kwa karibu mno: kabla hujanunua lenzi

Ndugu, umeuliza kwa nini picha zako za sisimizi zinatoka nyeusi na zenye ukungu, na kama dawa yake ni lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya bei ghali. Ningekushauri usinunue kwanza. Mimi nilijifunzia kwenye michungwa ya Muheza, nikiwafuata maji moto, wale wekundu wanaoshona majani kuwa viota, kwa lenzi kuukuu ya milimita 28 niliyoigeuza nyuma mbele na kuifunga kwenye kamera kwa pete maalumu. Ikigeuzwa hivyo hukuza takriban mara mbili, kiasi kwamba sensa, yaani kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha, yenye upana wa milimita 24 huona eneo la milimita 12 tu. Tafuta lenzi yenye pete yake ya kubadilishia tundu la kupitishia mwanga, kwa sababu ikishageuzwa kamera haiwezi kuiamuru.

Tatizo kubwa ni ukali, yaani picha kuonekana wazi bila ukungu. Katika ukuzaji huo, ukitumia f/8 (tundu la ukubwa wa kati), sehemu inayoonekana vizuri haifiki nusu milimita: macho yakitoka makali, vipapasio vimekwisha kupotea. Kulibana tundu hadi f/22, lililo dogo zaidi, hakusaidii, kwani mwanga husambaa ukipita kwenye tundu dogo na picha nzima hufifia. Kwa hiyo siigusi pete ya fokasi, ile ya kurekebishia ukali. Hulishika tawi lenyewe kwa mkono wa kushoto na kuegemeza ncha ya lenzi juu ya mkono huohuo, ili upepo ukija kamera na mdudu vitikisike pamoja, kisha husogea polepole na kubonyeza macho yanapokuwa makali. (Maji moto watakung'ata, utazoea.)

Kilichonikomboa hasa ni flashi, ambayo ikipunguzwa hadi 1/16 ya nguvu yake humulika kwa muda mfupi mno na kugandisha mtikisiko wa mkono. Usiiache tupu, maana gamba la sisimizi hung'aa na utapata doa jeupe kichwani. Nilikata dumu jeupe la lita tano, nikalivisha mbele ya flashi, ukingo wake ukikaribia kumgusa mdudu.

Miezi mitatu ya kwanza nilifuta karibu kila kitu. Picha ya kwanza niliyoitunza ni ya sisimizi mfanyakazi aliyebana buu tayani, akilipitisha kutoka jani moja hadi jingine huku likitoa uzi. Niliipiga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ungali kwenye majani.