Je, muungano wa jeni katika saratani ya tezi dume unarithiwa?

Swali: Shikamoo Daktari. Baba yangu ana miaka 68, amevua samaki ziwani karibu maisha yake yote, na sasa tunaishi naye Igoma. Alitolewa kinyama cha tezi dume hapa Mwanza, na ndugu yetu aliyeko ng'ambo akalipia uchunguzi wa vinasaba huko. Majibu yanasema ni saratani, Gleason 4+4 (alama ya ukali wa saratani), muungano wa TMPRSS2 na ERG umeonekana, na PTEN imepotea. Picha zinaonyesha kwamba ugonjwa umeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Watoto tuko watano, wa kiume watatu na wa kike wawili. Je, huo muungano tumeurithi? Unabadilisha matibabu ya mzee? Majirani nao wanasema chanzo ni kichocho cha ziwani.

Jibu: Marahaba, na poleni kwa kuuguliwa. Muungano huo hamjaurithi. Ni hitilafu iliyozaliwa ndani ya seli moja ya tezi dume ya mzee akiwa mtu mzima, ikaenea kwa seli zilizotokana na hiyo moja, na haimo katika mbegu zilizowazaa ninyi. Hata hivyo lipo swali jingine la urithi ambalo karatasi mliyopewa haikuligusa, nalo ndilo linalowahusu watoto, nitalifikia.

TMPRSS2 na ERG ni jeni mbili zinazokaa kwenye kromosomu ya 21, zikitenganishwa na herufi za DNA zinazokaribia milioni 3. Katika tezi dume yenye afya, TMPRSS2 huamshwa na testosteroni, ilhali ERG imelala. DNA ikikatika sehemu mbili na kuungwa vibaya, mara nyingi kipande cha katikati kikapotea kabisa, swichi ya TMPRSS2 hujikuta imekaa mbele ya ERG. Chukulia fundi aliyeunganisha waya wa pampu ya maji kwenye swichi ya taa ya barazani: pampu ni nzima, swichi nayo ni nzima, lakini kila jioni mtu anapowasha taa, maji yanafurika uani. Ndivyo testosteroni ya kawaida ya mwili inavyoishia kuzalisha protini ya ERG kwa wingi, na protini hiyo kazi yake ni kuamuru jeni nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ndio waliotangaza ugunduzi huo mwaka 2005, jambo lililoshangaza wengi kwa sababu miungano ya aina hii ilizoeleka zaidi katika saratani za damu.

Si lazima kupima DNA ili kuitambua hitilafu hii. Kwenye maabara ya patholojia tunaipaka slaidi rangi inayoishika protini ya ERG, na viini vya seli za saratani vyenye muungano hugeuka kahawia. Jicho langu, hata hivyo, huanza kutafuta mishipa midogo ya damu, kwa kuwa kuta zake huwa na ERG kwa kila mtu. Mishipa isipokuwa ya kahawia, najua kipimo kimeharibika, na jibu la "haipo" halina thamani.

Jibu la "haipo" kwa Mwafrika linahitaji uangalifu zaidi. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya muungano huu huonekana katika takriban nusu ya saratani za tezi dume, wakati kwa Wamarekani weusi ni kati ya robo na theluthi. Kwa hiyo mgonjwa wa kwetu anaweza kuwa na saratani kali isiyo na muungano wowote, na kipimo hiki kisitumiwe kumtoa mtu wasiwasi.

Kuhusu matibabu, muungano wenyewe hauna dawa yake, na hautoshi kutabiri ugonjwa utakwendaje. Kupotea kwa PTEN ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, kwani jeni hiyo ni breki ya ukuaji wa seli, na saratani zilizoipoteza huelekea kuwa kali. Msingi wa tiba ya mzee unabaki kuiondoa testosteroni, kwa sindano au kwa upasuaji wa korodani, pamoja na dawa nyingine ambazo daktari wake wa saratani atazichagua. Tiba hiyo kwa kawaida hufanya kazi vizuri mwanzoni, kisha baada ya muda saratani hujifunza: huongeza nakala za jeni ya kipokezi cha homoni (protini ya seli inayoipokea testosteroni) hadi kiasi kidogo kabisa kilichobaki kikatosha, au hutengeneza kipokezi kilichokatwa ncha ambacho hakisubiri homoni tena.

Sasa lile swali la urithi. Kwa kuwa ugonjwa umefika mifupani, mzee anastahili kupimwa jeni za kukarabati DNA, hasa BRCA2. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wengi wa washiriki wake wakiwa wazungu, ulikuta takriban asilimia 12 ya wanaume ambao saratani yao imesambaa wamezaliwa na hitilafu katika jeni za kundi hilo. Mzee akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi, na hapa dada zenu wasiachwe nje, maana kwao hatari ni saratani ya matiti na ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Matibabu nayo yanaguswa: dawa ya olaparibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa wagonjwa wa namna hii pale tiba ya homoni inaposhindwa, na karboplatini, ambayo ni dawa ya zamani na ya bei nafuu zaidi, imewasaidia baadhi yao.

Hitilafu ya kurithi hupimwa kwa damu au mate ya mzee mwenyewe, akiwa hai, ndiyo maana nasema msichelewe. Kinyama chenyewe kimehifadhiwa kwenye kipande cha nta. Ulizeni kiko wapi na msikubali kitupwe. Niliwahi kupokea kinyama kilichosafirishwa kutoka ng'ambo ya ziwa ndani ya chupa ya vidonge bila tone la formalini, dawa ya kuhifadhia vinyama, kimekauka kama dagaa wa mwaloni, na hapo hakuna jeni ya kusomwa.

Kichocho tukiache kando. Kile cha mkojo kinahusishwa na saratani ya kibofu, na kilichozoeleka ziwani ni cha tumbo. Ninyi wa kiume, hata majibu ya BRCA2 yakiwa salama, kuwa na baba mwenye ugonjwa huu huongeza hatari yenu karibu mara mbili, kwa hiyo zungumzeni na daktari kuhusu PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, mkifika miaka 45. Atakayekutwa na hitilafu ya BRCA2, aanze akiwa na 40.