Vijana wa dawati la mifuko, ada haikatwi mara mbili

Kila wanafunzi wapya wanapoingia maofisi ya Posta na Samora, hapa Dar es Salaam, na kupewa kazi ya kulinganisha mifuko ya uwekezaji wa pamoja, jedwali ni lile lile. Safu ya faida, safu ya gharama, kisha safu ya tatu iliyopatikana kwa kutoa ya pili kwenye ya kwanza, na juu yake imeandikwa "faida halisi". Rangi zimepangwa vizuri, hesabu ni uongo mtupu. Wadogo zetu, hebu tukae chini.

1. Kama faida umeipata kwenye thamani ya kipande (sehemu moja ya mfuko anayonunua mteja), gharama za mwaka zimeshaliwa.

Mfuko wa shilingi bilioni 50 wenye gharama za 2% kwa mwaka hausubiri hesabu zifungwe Juni 30 ndipo ulipe. Kila siku mhasibu wa mfuko anajumlisha hisa, hatifungani, amana na riba iliyolimbikizwa, anatoa madeni, na ndani ya madeni hayo zimo shilingi 2,739,726 za gharama ya siku hiyo. Kinachobaki ndicho kinagawanywa kwa idadi ya vipande. Kipande kikitoka sh 400 hadi sh 452, mteja amepata 13% iliyokwisha kukatwa. Ukitoa 2% nyingine umemtoza ada ambayo hakuna aliyemtoza.

Kosa hili lina adabu sana, ndiyo maana linaishi. Jedwali linajumlika, bosi anapitisha, na wewe unaonekana mtu makini usiyependa kutia chumvi. Kumbe umeshapindua mpangilio. Mfuko A umetoa 13%, gharama 2.5%, mfuko B umetoa 12.4%, gharama 1%. Kwa hesabu yako A unabaki na 10.5%, B 11.4%, na mteja anashauriwa kuhama kutoka mfuko uliompa zaidi. Akihama, ada ya kutoka, kama ipo, inakatwa kwelikweli, maana hiyo haimo kwenye thamani ya kipande. Inaonekana kwenye bei ya kununulia tena tu, ile ambayo mfuko unamlipa anayetoka. Yaani ada isiyokuwepo umeitoa, iliyopo umeisahau. Kisha siku moja mzee mwenye duka Kariakoo, anayepiga bei ya kontena zima kichwani, anakuletea taarifa yake: "Mwanangu, niliweka milioni 10, leo ni milioni 11.3. Hii 10.5% umeiokota wapi?" Hapo Excel haikutetei. Na msimsingizie mhasibu wa mfuko, yeye kakata mara moja.

Basi gharama tunazitazama za nini? Za kesho. Faida ya mwaka huu huenda isirudi, lakini ada itarudi mwakani bila kualikwa. Milioni 10 kwa 12% zinafika milioni 31.06 baada ya miaka 10. Kwa 11% zinafika milioni 28.39. Tofauti ya asilimia moja tu.

2. Uwiano wa gharama, yaani gharama za mwaka kama asilimia ya mali ya mfuko, unagawa kwa wastani wa mali, si mali ya mwisho wa mwaka. Mfuko ulioanza na bilioni 20 ukamaliza na 60, ukatumia bilioni 1, kwa mali ya mwisho unaonekana 1.67%. Kwa wastani wa bilioni 40 ni 2.5%. Mfuko mchanga unaovuna wateja kwa kasi ndio unaopendezeshwa na kosa hili. Na bilioni 1 hiyo muisake kwenye hesabu zilizokaguliwa, kwa sababu ada ya meneja ni kipande kimoja tu: kuna mtunza dhamana (anayehifadhi mali za mfuko), mdhamini (anayemwangalia meneja kwa niaba ya wenye vipande), mkaguzi, matangazo.

3. Mfuko wa ukwasi, ule wa kuweka na kutoa fedha upesi, linganisha na wa ukwasi. Basi.

4. Meneja akibadilika, kata rekodi siku ile ile.

Peter Lynch alisimamia mfuko wa Magellan wa Fidelity, Marekani, tangu 1977 hadi 1990, kwa wastani wa takriban 29% kwa mwaka. Aliyenunua 1991 kwa kutazama wastani huo alinunua kazi ya mtu aliyekwisha kwenda nyumbani. Ila na nyie msizidishe. Kwenye mfuko wa hatifungani hapa kwetu, meneja mpya anaweza kurithi hatifungani ya serikali ya miaka 25 iliyotolewa 2021 kwa riba ya 15.95%, akaonekana fundi kwa miaka mingi na hajagusa kitu. Kwenye hisa ni kinyume: akitaka kupanga upya, soko la Dar es Salaam ni jembamba, kuuza furushi kubwa huchukua wiki, na bei inashuka mkononi mwake. Kamisheni za madalali mara nyingi hazimo kwenye uwiano wa gharama, ila thamani ya kipande inazijua.

Kwa hiyo wekeni safu moja zaidi kwenye jedwali: tarehe ambayo mtu anayefanya maamuzi alianza. Tarehe ya kampuni kupata leseni haitusaidii. Kama hamuijui, pigeni simu kwa msimamizi wa mfuko kabla jedwali halijatumwa kwa mteja, na tafadhali isiwe Ijumaa saa kumi na nusu.