Umesomea mambo mengine na sasa wataka uzamili wa IT

Vijana wa Malindi na Lamu wakija kuniuliza habari ya kuingia IT baada ya digrii ya ualimu, jiografia au utalii, swali lao la kwanza huwa ni karo. Langu huwa ni jina kamili la kozi.

Vyuo vya Uingereza vina shahada za uzamili za kompyuta za namna mbili. Kuna iliyoandaliwa kwa aliyesomea historia, uuguzi au biashara, na mara nyingi tangazo lake huwa na neno Conversion. Kuna nyingine, aghalabu ina neno Advanced, inayomtaka mwenye digrii ya kompyuta tayari. Majina yanafanana, kwa hiyo soma sehemu ya sifa za kujiunga neno kwa neno kabla hujalipa shilingi yoyote ya maombi. Hapa kwetu Kenya, vyuo kadhaa hutaka digrii ya kompyuta au fani ya karibu, na asiyekuwa nayo huenda akaambiwa apitie stashahada ya uzamili kwanza. Usiione kama kuteremshwa. Kwa mtu ambaye hajawahi kuandika programu, hiyo stashahada yaweza kumfaa kuliko shahada yenyewe.

Tofauti nyingine ni mwendo. Uzamili wa Uingereza kwa kawaida ni mwaka mmoja, krediti 180, na kama 60 kati ya hizo ni za tasnifu. Hesabu mwenyewe: unaanza Septemba hujui kitanzi (amri inayorudiwarudiwa, loop) ni nini, na Januari unatarajiwa kuzungumzia hifadhidata (database, mpango wa kutunza data) na mitandao kama mwenyeji. Hapa nyumbani ni miaka miwili, wa kwanza madarasa, wa pili tasnifu, na hiyo tasnifu ndiyo inayowakwamisha watu miaka na miaka. Ukiweza kujigharimia au ukapata ufadhili wa Chevening, ule wa serikali ya Uingereza, nenda Uingereza; lakini Chevening inataka uwe umefanya kazi angalau saa 2,800, na baada ya masomo urudi nyumbani ukae miaka miwili. Aliyemaliza chuo juzi asubiri.

Huo muda wa kusubiri ndio wa kujiandaa. Sakinisha Python, lugha ya kuandikia programu, ni ya bure na inakubali hata laptopu kuukuu. Masomo ya CS50 ya Harvard, ya kuanzia sayansi ya kompyuta, nayo ni ya bure. Pakua video na maelezo ukiwa penye Wi-Fi nzuri, maana bando likiisha na stima ikipotea usiku huohuo, utabaki na ulichohifadhi. Andika programu kwa vidole vyako. Mjumbe wa akili bandia, kama ChatGPT, atakuandikia kila kitu kwa sekunde, na ukimzoea mapema utaingia kwenye mtihani wa karatasi na kalamu ukiwa mikono mitupu. Mwulize akueleze kosa lako, asikuandikie jibu. Wanaopinga ushauri huu ni wengi, na mimi sijaubadilisha.

Somo ambalo ningelikazia kuliko yote ni hifadhidata. Wageni hulidharau kwa sababu haling'ai. Chukua daftari la gesti yoyote ya Malindi uliingize kwenye Excel, utaona kwa nini mwanasayansi wa kompyuta Edgar Codd alikaa mwaka 1970 akapendekeza data zipangwe katika majedwali yanayohusiana. Mgeni mmoja ameandikwa Mohamed, Mohammed na Muhammad. Simu yake mara moja inaanza na 07, mara nyingine na +254, na safari ya tatu Excel imeidhani ni namba ya kawaida ikaila sifuri ya mbele. Tarehe 03/04: Mwitaliano kaandika tatu Aprili, Mmarekani kaandika Machi nne. Sasa mwenye gesti anakuuliza ni wageni wangapi walirudi mara ya pili, na huna jibu. Ukishajua kumpa kila mgeni namba yake ya utambulisho, kutenganisha jedwali la wageni na la vyumba na la malazi, na kuandika swali la SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) linalounganisha yote matatu, umeshapata kitu cha kukulisha. Mhadhiri akifundisha mambo hayo kwa mfano wa duka la vitabu la kule kwao, wewe yarudie nyumbani kwa mfano wa gesti.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawaliamini hadi mwaka uishe: ile digrii ya kwanza usiizike. Darasani utawakuta waliocheza na kompyuta tangu shule ya msingi, na kwa kasi ya kuandika programu hutawashika. Wapite kwenye kuielewa data. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, vile tunavyoviita BMU, huweka rekodi ya samaki wanaoshushwa. Mwenye IT tupu ataona safu ya jina, kilo na saa. Aliyesomea uvuvi atajua kwamba jina changu limebeba aina kadhaa za samaki, kwa hiyo jumla ya kilo za changu si jumla ya kitu kimoja. Na yeyote aliyelelewa pwani atashtuka kwenye ile safu ya saa: karani kaandika 12 akikusudia alfajiri, kompyuta inasoma adhuhuri.

Mwanajiografia naye ana mto Sabaki, unaomwaga tope ghuba ya Malindi kila mvua ikinyesha bara. Picha za setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 zinapatikana bure, pikseli za rangi kuu ni mita 10, na kila mahali hupigwa takriban kila siku tano. Hiyo ni tasnifu inayokungoja. (Anayedhani mambo ya setilaiti ni ya Nairobi na Ulaya aende Ngomeni, hapo kaskazini mwa Malindi, setilaiti ya NASA iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa lililo baharini pale, tarehe 12 Desemba 1970.) Kwa mtu wa Lamu, mikoko: zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kwenu. Na aliyesomea Kiswahili asijione maskini. Tenzi za Lamu zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu bado zinahitaji mtu anayezisoma kwa macho na anayejua jinsi kompyuta inavyohifadhi herufi. Watu wenye vyote viwili ni wa kutafuta kwa tochi.

Ukishapata mada, anza makaratasi mapema kuliko unavyofikiri. Utafiti wa Kenya unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na chuo kitataka idhini ya kamati yake ya maadili kabla hujagusa data za watu. Majina na simu za wageni wa gesti au za wavuvi ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo mwambie mwenye daftari kwa maandishi unachotaka na utakavyokihifadhi. Kwa BMU, nenda kwa mwenyekiti mwenyewe, usitume ujumbe wa simu, na usiende wakati mashua zinaingia.