Jibu: Daftari za ngano (hadithi za kale) za marehemu babu, Mikindani

Salaam, ndugu. Umeuliza kama uzianike juani daftari za babu zilizoota ukungu, kisha uzipange kwa mada. Juani hapana: wino utapauka. Zitandaze kivulini penye upepo. Zikikauka kabisa ndipo ufute ukungu kwa brashi laini, nje, umevaa barakoa. Pini zenye kutu zitoe taratibu.

Mpangilio wa babu usiuvuruge, tafadhali! Ngano ya Kimakonde iliyokaa katikati ya barua, huenda msimulizi wake katajwa humo humo. Tia namba kwa penseli, pembeni. Kaseti za babu nazo, vunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni, mtu asirekodi juu yake. Masanduku yainue sakafuni, yasiguse ukuta, mchwa hawabakizi. Mifuko ya nailoni usitumie, inafungia unyevu.