Giallo kwa fedha kidogo: anza na taa

Ndugu, umeuliza kama filamu ya mashaka na mahaba kwa mtindo wa giallo ya Italia (filamu za mauaji ambamo muuaji hajulikani) inawezekana ukiwa na nyumba moja, waigizaji wanne na fedha kidogo. Inawezekana kabisa. Mwongozaji Mwitalia Mario Bava, akipiga filamu ya Sei donne per l'assassino ya mwaka 1964, aliiweka kamera kwenye kigari cha mtoto ili isogee. Fedha yako ipeleke kwenye taa: nyekundu upande huu, kijani au buluu upande ule, na giza liache liwe giza. Muuaji muonyeshe mikono tu, ndani ya glavu nyeusi za ngozi. Unaweza kuzivaa mwenyewe. Dario Argento, mwongozaji mwingine wa giallo, alifanya hivyo.

Kwenye mahaba nakusihi sana: kila tendo liandikwe na likubaliwe na waigizaji kabla ya siku ya kupiga, chumbani wabaki watu wachache, na mmoja akisema basi, kamera izimwe. Wala huhitaji uchi mwingi. Kidole kikipita shingoni taratibu, huku mlango wa nyuma ukifunguka bila sauti, mtazamaji atakaukwa mate.